Vidonge vya Siku Tatu

Kidonge kilipogusa tu ulimi, Emérance akakijua. Uchungu ule hausahauliki. Kilikuwa jamaa ya klorokwini, dawa ya malaria waliyogawiwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na sasa daktari wa Saint Paul, Marekani, alimpa yeye asiye na malaria, eti kwa ugonjwa uitwao lupus.

Basi akavimeza kama alivyozoea kambini: siku tatu. Maumivu ya viungo yakitulia anaacha, vilivyobaki anavitia koponi, akingoja msafiri wa kuvipeleka kambini. Nani aliyepita kule atameza dawa akiwa mzima, na wenzake wanakufa?

Lakini tusidanganyane, kopo halikuwa sababu yote. Mwaka wa tisini na tisa, kule kambini, binti yake Merveille, wa miaka sita, aliugua malaria. Homa ilishuka siku ya pili, na Emérance akazuia vidonge vya siku ya tatu ili amwekee mdogo wake, Bonheur. Homa ikarudi, ikamchukua Merveille. Sasa kila Emérance alipomeza kidonge huku mjini Crystal, karibu na Saint Paul, mtoto yule alisimama mlangoni pa jikoni, akauliza vyake viko wapi.

Figo zake zilipoanza kuvujisha protini, Rahab, nesi Mkenya wa kliniki, alikuja nyumbani akaliona kopo. Hakumgombeza. Alimweleza kwamba ndani ya chembe za damu mna walinzi wa kunusa vijidudu. Kwa mwenye lupus, walinzi hao hunusa mabaki ya chembe zake mwenyewe zilizokufa, wakadhani ni adui, wakapiga mbiu. Vita hivyo ndivyo vinavyokula figo. Dawa huwatuliza walinzi, polepole, kwa miezi.

"Mama Bonheur, hii si ya siku tatu," Rahab alisema. "Ni ya kila siku, maisha yako yote. Ukiacha tena, utaishia kwa mashine ya kusafisha damu."

Emérance alilia, akamsimulia habari za mtoto, yote, hata vile vidonge alivyovizuia.

"Basi mwili wangu ni kama mimi," akasema. "Unaogopa wafu wake."

Rahab akamshika mkono.

Asubuhi iliyofuata Emérance alimeza kidonge kwa chai. Merveille akaja, akasimama palepale mlangoni. Mama akatamani kukimbilia chumbani kama siku zote. Kisha akavuta kiti cha pili.

"Ikala hapa, mutoto wangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Tutaonana kila siku."