Kichwa cha Barua Hakifungwi

Kazini walimwita Bi Matone. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipima maji ya mji mzima katika maabara ya idara ya maji, na hakuwahi kuandika namba ambayo mashine haikuitoa. Siku alipopima maji ya tangi namba nne, lile linalolisha nyumba za wafanyakazi wa reli, alirudia kipimo mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile: madini ya risasi, mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa.

Alimpelekea mkurugenzi. Mkurugenzi aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Hii risasi ni ya kuua watu au ya kuua cheo changu?" akauliza, akacheka mwenyewe, akaitia karatasi kwenye mtoto wa meza na kufunga.

Wiki tatu zikapita. Kila akiuliza, Bi Matone aliambiwa suala linafanyiwa kazi. Maji ya tangi namba nne yaliendelea kutoka mabombani, na watoto wa reli waliendelea kuyanywa.

Mdogo wake, fundi wa kompyuta, mtu wa maneno mengi na vidole vyepesi, ndiye aliyemwonyesha njia.

"Mwandikie yule mwandishi wa gazeti anayefichua maovu, dada. Nitakufundisha kuisimba barua pepe, yaani kuifunga hata serikali isione kilichomo. Kila mtu anagawa kufuli zake, ufunguo anabaki nao mwenyewe. Ukiifunga kwa kufuli la mwandishi, na nakala yako kwa kufuli lako, ni ninyi wawili tu wa kuifungua. Na yeye akikujibu, ni wewe tu."

"Na wakinikamata wakataka nywila yangu, lile neno la siri la ufunguo?"

"Usiwape. Bila nywila, barua ni uji wa herufi. Watachoka wenyewe."

Bi Matone alichagua nywila ndefu kama sala, akaikariri huku akiosha vyombo. Hakuiandika popote. Alikuwa mwoga wa mbwa, wa radi na wa wifi yake, lakini kwa jambo hili alijiapiza: hata wakimng'oa kucha, haitamtoka kinywani. Akampelekea mwandishi barua tatu, na kila moja aliipa kichwa cha habari, maana barua isiyo na kichwa aliiona ni uchafu wa kiofisi. Mwandishi akajibu kwamba habari itatoka wiki inayofuata. Siku zile Bi Matone alitembea na kifua mbele, na mdogo wake alimwita komandoo.

Habari haikutoka. Walikuja maabara watu wawili wa usalama, saa tano asubuhi, wakamsubiri anawe mikono, wakamwomba afuatane nao. Hawakumshika hata mkono.

Ofisi waliyompeleka ilikuwa na feni, picha ya ukutani na meza safi. Nyuma ya meza alikaa ofisa mmoja wa makamo mwenye miwani, mpole kama daktari wa macho. Alimsogezea kurasa mbili. Bi Matone akatazama: herufi na namba zilizosongamana mstari baada ya mstari, bila neno hata moja la kusomeka. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Hawakuweza. Akaishika nywila yake kifuani, akangoja waiombe.

"Hii ni barua yako, mama," ofisa alisema.

"Someni basi, kama ni yangu."

"Hatuwezi. Nani kasema tunaweza?" Akaweka kidole juu kabisa ya ukurasa. "Lakini hapa juu panasomeka. Imetoka kwa nani. Inakwenda kwa nani. Siku, saa na dakika. Na hiki hapa ni kichwa cha habari ulichokiandika kwa mkono wako."

Bi Matone akasoma: Majibu ya risasi, tangi namba nne.

"Kinachofungwa ni tumbo la barua," ofisa akaendelea, kama anayemhurumia. "Kichwa hakifungwi. Yule mwandishi tunamwangalia tangu mwaka jana. Kila anayemwandikia, tunamwona. Sasa niambie, majibu ya tangi hilo wanayo watu wangapi?"

"Wawili. Mimi na mkurugenzi."

"Na mkurugenzi hajaandika."

Feni ikazunguka. Bi Matone aliendelea kungoja swali la nywila, lile alilojiandalia kwa kucha zake zote kumi. Ofisa akakusanya kurasa, akazitia kwenye faili.

"Hamtaki nywila?" akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu.

"Ya nini, mama? Hatuna shida na maneno yako. Tulikuwa tunamtafuta mwenye maneno."

Hawakumfunga. Walimhamishia stoo ya mabomba chakavu, ambako hakuna cha kupima. Mwandishi alipelekwa kurasa za michezo. Majibu mapya ya tangi namba nne yalibandikwa ubaoni, masafi kama maji ya mvua, na saini haikuwa yake.

Jioni moja mdogo wake alikuja kumpa pole. Aliinamia meza, akatikisa kichwa, kisha ile fahari yake ikamshinda.

"Lakini hawakuivunja, dada. Hilo ujue. Hawakusoma hata neno."

"Hawakusoma," Bi Matone akasema. "Neno lipo salama kabisa. Watoto wa reli nao je?"

Mdogo mtu akainuka, akaaga. Tangu siku ile akapunguza kuja. Wifi mtu alisema mumewe ana watoto wa kulea, na nyumba yenye kuangaliwa si nyumba ya kutembelewa.

Jumamosi, Bi Matone alifunga kitambaa kichwani akaenda mwenyewe kwenye nyumba za reli, mlango kwa mlango, kusema kwa mdomo kile alichokifungia kwa kufuli. Mlango wa tatu ulifunguliwa na mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hayo unayosema, karatasi yake yenye muhuri iko wapi?"

"Sina."

"Basi nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi ndiye niliyeyapima."

Yule mama alimtazama toka kitambaa hadi ndala. Mtaani walikwishaonywa kwamba kuna mwanamke anayepita kutia watu hofu.

"Asante, dada," alisema kwa adabu. "Tumesikia." Akarudisha mlango, na Bi Matone akasikia komeo likiingia mahali pake.