Mstari wa Mpakani

Miti kumi na miwili ya migrevilea ya mpakani ilikuwa inakauka, na Mwenyekiti wa kamati ya mazingira alishamjua muuaji. Nani mwingine kama si jirani yake, fundi baiskeli? Mtu aliyewahi kusema mbele ya kikundi kizima cha wapanda miti kwamba kupanda miti katikati ya mahindi ni wazimu! Tena alimwona kwa macho yake, mara tatu, alfajiri, ameinama pale mpakani na dumu la oili. Alipoitwa alishtuka, akajibu salamu nusunusu, akaenda zake.

"Oili inaunguza mizizi," Mwenyekiti alimwambia mkewe. "Leo namtoa kwenye kikundi. Miche ya mwaka huu ataisikia tu."

"Hilo dumu umelinusa?" mkewe aliuliza, akipepeta maharage.

"Mambo ya kamati yaache."

"Haya, Mwenyekiti." Akiitwa hivyo na mkewe, alijua anachekwa.

Akachukua jembe akang'oe mti mmoja, uwe ushahidi mkutanoni. Alichimba kwa hasira huku akinusa. Hakuna oili. Udongo ulikuwa na unyevu, na mvua ilikuwa na wiki tatu haijanyesha. Akavuta shina, likatoka kirahisi mno. Mizizi ilikuwa imejisokota ndani ya kiriba, kile kifuko cheusi cha kuoteshea miche, ambacho hata mtoto wa shule anajua kinavuliwa kabla ya kupanda.

Akachimba wa pili. Kiriba. Wa tatu hakuugusa, maana alishakumbuka. Mstari huu aliupanda mwenyewe, siku wageni walipokuja na kamera, naye amevaa shati jeupe. Kuvua viriba kungemchafua. Akatumbukiza mche, akatabasamu, akatumbukiza mwingine, kisha akawahutubia watu namna ya kupanda miti. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Ng'ambo ya mpaka fundi alikuwa amesimama na dumu lake, maji yakichuruzika.

"Nilikuwa naimwagilia," alisema. "Wewe kutwa uko kwenye mashamba ya watu. Nikaona aibu kukwambia, maana niliicheka mwanzoni."



Saa tisa, mkutanoni, katibu alisoma ajenda ya kwanza, kumfukuza fundi baiskeli. Fundi alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia mkononi, tayari kuondoka.

"Mwenyekiti, ushahidi umekuja nao?" katibu aliuliza.

"Ninao." Akatia mkono mfukoni, akakiweka kiriba mezani, kikiwa bado na udongo. "Ile miti niliiua mimi."