Nguruwe Aliyekataliwa

Matokeo ya Fipe yalipofika kutoka chuo cha Suva, huko Fiji, kaka yangu Maka aliyasoma, akayakunja, akaenda zake shambani kwenye viazi vikuu vyake, hakurudi mpaka jua lilipozama. Mimi nilibaki na binti yake huyo sebuleni. C, C, B moja ya kuonewa huruma, halafu C tena hadi chini.

"Umefeli?" nikamuuliza.

"Sijafeli, Shangazi. Nimepita."

"Umeponea chupuchupu."

"Kupita ni kupita. Na bado nataka kuwa mhasibu. Yule wa cheti cha bodi ya wahasibu, anayeweka sahihi yake na watu wakaiamini."

Nikamtazama. Huyu tangu mdogo si mwepesi. Ukimtuma dukani, anarudi kutoka njiani kukuuliza ulisema nini. Lakini kitu kikishamwingia, hakitoki. Nikasema, "Basi utakuwa mhasibu," na jambo likaisha, maana kwetu Tonga shangazi akishasema, baba mtu hana la kuongeza. Watoto wa kaka yangu wananiheshimu mimi kuliko yeye. Kwenye harusi na misiba mkeka mzuri kuliko yote unaletwa kwangu, na keki ya juu kabisa ni yangu. Heshima hii sikuiomba, nimezaliwa nayo. Na ombi la shangazi halikataliwi. Shangazi akinuna, watu wanasema mtoto hafanikiwi.

Bahati mbaya ofisi za mjini Nuku'alofa alikoomba kazi hazina shangazi. Zilitazama zile C, zikamrudishia karatasi zake. Mwishowe Bwana Uaisele, mkaguzi wa hesabu mwenye ofisi ndogo juu ya duka la mikate, akamuuliza kulikoni. Fipe angeweza kusema aliugua, au kwamba mwalimu alimchukia. Yeye akajibu, "Mimi huelewa polepole, bwana." Mzee akacheka, akamchukua kwa masharti. Atachemsha chai na kupanga stakabadhi, na ofisi itamlipia mitihani ya bodi. Akifeli mtihani wowote mara mbili, nafasi yake atapewa mwingine.

Alisomea kwangu, kwenye banda la chama chetu cha wanawake. Pale tunatengeneza ngatu: tunakaa pande zote mbili za gogo refu, tunaponda magome kwa nyundo za mbao mpaka yawe kitambaa. Kelele zake zinasikika hadi kanisani. Nilimwambia akatafute mahali patulivu, akasema kimya kinamletea usingizi. Basi akawa anasoma kwa sauti, sisi tunaponda. Mtihani wa kodi akapita. Wa gharama akapita, tena safi. Banda zima tulishajua uchakavu wa mali ni nini, na mwenzetu Vuna akaanza kutangaza kwamba mumewe anapungua thamani asilimia kumi kila mwaka.

Ukabaki mtihani mmoja, wa maadili. Tukasema huo ni mteremko, mtoto huyu kalelewa kanisani. Akafeli.

"Waliuliza nini?" nikamwambia. Nyundo zote zilikuwa zimenyamaza.

"Mteja unayemkagua anakuletea zawadi kubwa. Utafanyaje?"

"Na wewe ukaandika nini?"

"Nitaipokea kwa mikono miwili, nitamshukuru mbele ya watu, halafu nitampelekea mkeka."

"Sasa kosa liko wapi?" akauliza Vuna.

"Inatakiwa kuikataa."

"Kuikataa? Mtu amekuja nayo mpaka mlangoni?"

"Hao waliotunga mtihani hawana mama," nikasema, "wala shangazi."

Tukacheka sana siku ile. Fipe hakucheka. Alikuwa amebakiza mara moja tu.

Katikati ya hayo chama chetu kikapata fedha za wafadhili, za kujengea banda jipya, na wafadhili wakataka tukaguliwe. Kazi ikaangukia ofisi ya Bwana Uaisele. Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ndiye mwenyekiti, na sasa mtoto wangu mwenyewe atakuja na kalamu yake, akae kwenye mkeka wangu, watu wamwone. Nikamwambia Bwana Uaisele amtume yeye. Kumbe Fipe alishamwomba kwamba yeye asipewe kabisa hesabu zetu. Akaja mama mmoja mkavu, akakaa siku nzima bila kuonja hata ndizi.

Nilikasirika, lakini sikusahau ustaarabu. Nikamchoma nguruwe, yule mnono niliyekuwa namweka kwa ajili ya mkutano mkuu wa kanisa. Nikamzungushia viazi vikuu, nikampakia kwenye pikapu ya mume wa Vuna, tukaenda kuwashukuru watu wa ofisi kwa kazi yao.

Fipe alituona dirishani. Akateremka ngazi mbio, na alipofika barabarani akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na sketi yake ya kazini, maana mtoto hasemi na shangazi yake akiwa amesimama. Watu waliotoka kununua mikate wakasimama kutazama.

"Shangazi, naomba umrudishe nyumbani."

"Nimrudishe nani?"

"Nguruwe."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unanikatalia? Mimi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuinuka wala hakunyamaza. "Ripoti yenu haijatoka bado, Shangazi. Tukimla huyu, kila atakayeisoma atasema ina mafuta ya nguruwe."

"Nani atasema? Nani katika mji huu atasema mimi Lavinia ni mwizi?"

"Hakuna. Na mimi nataka ibaki hivyo hivyo."

"Kama unanipenda hivyo, mbona hukuja kunikagua mwenyewe?"

"Ningekuta umekosea, ningeweza kukwambia?"

Nikafikiri. "Usingethubutu."

"Ndiyo hiyo, Shangazi."

Nikapanda pikapu. Barabara ni ile ile moja, kwa hiyo wote waliomwona nguruwe akienda walimwona akirudi, na harufu yake ikawaita hata waliokuwa ndani. Mke wa mchungaji alinipungia mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

Sikumsemesha Fipe tena. Alikuja bandani kama kawaida, akakaa mwisho kabisa karibu na kuni, kitabu wazi mapajani. Hakusoma kwa sauti. Nilikuwa namchungulia, na naapa ukurasa ulikuwa ule ule tangu asubuhi mpaka mchana.

Siku moja kabla ya mtihani Maka alikuja na mkeka mpya begani. Alibaki nje ya mlango, maana kaka haketi chumba kimoja na dada yake.

"Dada, mtoto hali. Anasema atafeli kwa sababu umemnunia."

"Ni kweli nimemnunia."

"Majibu anayajua yote. Ila akishika kalamu, mkono unatetemeka. Nimekuja kumwombea msamaha."

"Chukua mkeka wako uende. Binti yako anajua kukataa, na mimi najua."

Akaondoka na mkeka wake. Nilikaa pale na hasira zangu, nikijaribu kuzichochea, lakini ziligoma kuwaka. Nampenda yule mtoto, nifanyeje? Na kitu kingine kikawa kinanisumbua. Tangu nizaliwe watu wananiambia ndiyo. Ndiyo Lavinia, ndiyo Shangazi, ndiyo Mwenyekiti. Naongoza kwaya miaka yote hii, na hata sijui kama naimba vizuri. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuniambia hapana, na ilimbidi akae vumbini na kulia ndipo aweze kulitamka. Watu wa bodi walikuwa wanatafuta mkaguzi wa namna gani zaidi ya huyo?

Asubuhi nikaenda kwa Maka. Yeye akatoka kwa mlango wa nyuma kwa adabu, tusikae chumba kimoja. Fipe alikuwa amekaa sakafuni, amevaa tayari, uso umemsawajika. Mama yake alikuwa anamkorogea chai ambayo haikuwa inanyweka.

Nilichukua mafuta ya nazi, nikamsugua mikono yote miwili, ule wa kalamu zaidi, mpaka ulipoacha kutetemeka. Kisha nikafungua mkeka wangu wa kiunoni, tunaojifunga kwetu kuonyesha heshima, ule wa bibi yangu, uliochakaa mpaka kingo zimekatika na ambao sijawahi kumwazima mtu. Nikamfunga yeye.

"Wakikuuliza tena habari ya zawadi?"

"Nitakataa, Shangazi."

"Hata iwe ya nani?"

Akamtazama mama yake, akatazama mlango aliopitia baba yake. "Hata iwe yako," akasema, kwa sauti ya mtu anayeombea chakula.

"Sisikii."

"Hata iwe yako!"

Kijiko kikamponyoka mama yake. Na mimi nikasema, "Haya, nenda. Utachelewa."

Akapita. Cheti kilipokuja, Maka alifanya karamu, na mambo yote yakaenda kama yanavyotakiwa: nilikaa mbele, nikaletewa mkeka mzuri, nikaletewa keki ya juu. Kisha Fipe akaja, akakaa chini, akakiweka cheti chenyewe mapajani pangu.

"Hii inaruhusiwa?" nikamuuliza. "Mwakani tunakaguliwa tena."

"Sikupi zawadi, Shangazi. Hiki ni chako."

Nikajifanya nakohoa. Nilipomaliza, nikamvuta karibu ili wanakwaya wenzangu waliokaa nyuma yangu wasisikie, nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua.

"Fipe. Mimi naimba vizuri?"

Akafikiri polepole, kama kawaida yake. Akanitazama usoni.

"Hapana, Shangazi."

Nikamkatia kipande kikubwa cha keki ya juu.