Wasifu wa Mkimbiaji Aliyepotea

Mwandishi aliingia na karatasi kwapani, akajikalia kwenye stuli ya wateja kana kwamba yeye ndiye analipa pango. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, napinda suruali za wanafunzi.

"Dada, wasifu wako tayari! Nimekuweka katikati ya daktari wa upasuaji na mpiga tarumbeta."

"Makubwa! Nicheke au nilie?"

Lakini nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Kitabu chake kilikuwa cha watu waliowahi kung'ara, kila mmoja na ukurasa wake. Mimi nimetulia mtaa huu miaka mingi kama maji ya mtungi, kwa jina la kupanga, watu wakijua mimi ni fundi cherehani mwenye mguu mbovu. Nilitaka japo ukurasa mmoja useme kwamba niliwahi kubeba bendera uwanjani watu wakasimama kunishangilia. Sharti langu lilikuwa moja tu: asitaje ninapoishi. Aliapa, na kweli hakupataja. Nilisoma mpaka nikafika kwenye goti.

"Hii ya 'aliumia mazoezini' umeitoa wapi? Mimi nilikwambia niliumia, basi."

"Aa, hiyo kairekebisha kocha wako."

Mguu wangu ukaganda kwenye pedali. "Nani?"

"Kocha. Dada, mimi sichapishi kitu bila kuhakiki. Kila anayetajwa kwenye wasifu nampelekea ausome kwanza, ndiyo kazi yangu ilivyo. Mzee mpole yule! Alilia. Nilipomwambia leo nakuletea nakala, akasema gari lake linapita huku huku. Kanishusha hapo barabarani."

Jamani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nililala nacho kitanda kimoja. Kocha alikuwa mume wangu. Goti hili alilivunja yeye, kwa nondo, jikoni kwetu, siku niliyomwambia naacha mbio na yeye namwacha. Hospitali alilia hivyo hivyo mbele ya wauguzi, wakamhurumia, wakamletea chai. Akaniinamia sikioni: ukinikimbia nitamalizia la pili, kisha nikumalize wewe. Nilitoroka na magongo.

"Umeniua, kaka," nikamwambia. "Na uangalifu wako wote, umeniua."

Nilimweleza kwa maneno machache huku nikisukuma komeo. Dirisha lina vyuma, mlango ni mmoja. Mkojo ukanibana kama mtoto.

"Mwanangu!" Alikuwa mama mwenye nyumba, uani. "Mbona umejifungia mchana kweupe? Una mgeni wa heshima huku. Nimempa kiti changu."

Kisha ile sauti, ya chini, ya upole. "Mke wangu. Fungua, twende nyumbani."

Niliogopa, tena sana. Ila namjua: ana nyama ya ulimi huyo. Ningeendelea kukaa kimya, majirani wenyewe wangevunja mlango na kunikabidhi kwake na mfuko wangu wa nguo. Nikafungua.

Seremala wa chumba cha pili alikuwa ameacha randa, dada wa saluni kasimama na kitana. Kocha kakaa, nywele zimejaa mvi, nakala ya wasifu mapajani.

"Huyu alinivunja goti!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Kwa nondo! Anataka kuniua!"

Alitikisa kichwa kwa huruma. "Mnamwona? Mke wangu anaumwa, ndiyo maana alipotea. Mwandishi mwenyewe kaandika, someni: aliumia mazoezini."

Akampa seremala karatasi. Seremala akasoma, akaniangalia, akasoma tena. Nikamgeukia mwandishi pale mlangoni.

"Hilo si neno langu," akasema, sauti haitoki vizuri. "Kaliandika yeye. Dada hakuniambia mazoezini. Nilimwamini huyu mzee, nikakosea."

Mama mwenye nyumba alijifunga kanga kiunoni. "Wewe baba. Inuka kwenye kiti changu."

Seremala naye akasogea, na dada wa saluni akaanza kuita watu wa barabarani. Kocha aliinuka bila haraka. Alikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni, akanipita karibu kabisa.

"Sawa," akaniambia kwa upole ule ule. "Nimeshapajua."

Gari lilipoondoka, ua mzima ulilipuka kwa vigelegele. "Umemkimbiza, mwanangu!" mama mwenye nyumba alinikumbatia, akicheka na kulia. "Leo umeshinda!"

Nilimshukuru. Kisha nikaingia ndani nikaanza kukunja nguo zangu.