Mruko wa Saba

Kwetu Sfax, maarusi wasiporuka samaki hawajaoana, hata kadhi aseme nini. Analazwa chewa mzima sakafuni, bwana na bibi wanashikana mikono, wanamruka mara saba huku vigelegele vinapigwa. Mimi Dalenda niliruka saba. Mume wangu Mnawar aliruka sita. Wa sita alikanyaga mkia, akateleza, akakaa chini pwaa mbele ya ukoo mzima. Mamake akasema basi, mwanangu asije akavunjika kiuno. Wa saba nikaruka peke yangu, mkaidi mimi. Miaka arobaini na moja nimemsimanga kwa mruko huo. Akisahau mkate, namkumbusha mruko.

Mwaka huu niliacha kumsimanga. Januari madaktari walimkuta na saratani ya tezi dume, Machi wakaitoa, na alhamdulillah vipimo vya damu vikarudi safi. Mwanamume mwenyewe ndiye hakurudi. Mkojo, ashakum si matusi, ukawa unamtoka bila ruhusa: akiinuka matone, akikohoa matone. Na kile kingine cha mume na mke, daktari alisema huenda kikarudi pole pole, huenda kisirudi. Basi Mnawar akabeba mto wake, akahamia chumba cha wavulana wetu waliokwisha kuoa. Majirani aliwaambia ni ngiri. Wakamletea mikanda mitatu ya ngiri, na wa Munjiya wa mlango wa pili ulikuwa umeshatumika.

Jumatatu moja ya Juni nikamkuta anapanga mashati kwenye mfuko.

"Ijumaa nahamia shambani, kwenye zeituni," akasema. "Kuna kitanda kule."

"Kuna kitanda na nge. Unamkimbia nani?"

"Dalenda, wewe bado mwanamke. Mimi nimekwisha. Nanuka mkojo. Sitaki unione hivi."

Nilitaka kulia, nikakasirika. Kwangu mimi vyote viwili hutoka mlango mmoja. Nikaupindua mfuko juu ya kitanda. Kutoka mfuko wa shati moja ikaanguka karatasi ya daktari, imekunjwa vile vile alivyopewa. Nikaisoma kwa sauti: kaza kama unayezuia mkojo, hesabu hadi kumi, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

"Umefanya?"

Akaokota shati, akalikunja upya.

"Miezi mitatu, Mnawar!"

"Nikae najikaza kama mtoto aliyebanwa darasani? Mwanamume mzima?"

"Haya, kaa. Na mimi nakaa."

"Wewe una nini cha kukaza?"

Nikaona leo liwe liwalo. "Tangu nimzae Slim, wa nne, nikipiga chafya, chururu. Nikicheka, usiseme. Unadhani siku ya arusi yake nilitoka mbio katikati ya ngoma kwa nini?"

"Si ulisema umeacha jiko linawaka!"

"Jiko gani, bwana wee! Jiko lilizimwa tangu asubuhi."

Akanikodolea macho. "Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Na wewe uliniambia? Mficha uchi hazai, Mnawar. Sisi tumezaa wanne, tunafichana nini tena?"

Akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu hospitali, halafu akajishika ghafla. Nami nilikuwa nimeshajishika zamani.

"Kaza!" nikapiga kelele.

"Nakaza!"

Jumanne tukakaza tukimenya njegere. Jumatano vile vile, na Alhamisi. Mzee ana hila, anahesabu mbio mbio.

"Tatu, nne, saba..."

"Tano na sita umempa nani?"

Lakini siku tatu hazimkaushi mtu, karatasi yenyewe ilisema miezi. Na ule mfuko ulikuwa umejazwa tena, umesimama mlangoni.

Ijumaa asubuhi alikuja jikoni kuniaga, viatu mguuni. Akakuta chewa amelala sakafuni, mzima, macho wazi.

"Nani anaoa?"

"Wewe. Ulinibakishia mmoja. Ruka, kisha nenda kwenye nge wako."

"Nitajilowesha."

"Na mimi pia. Sakafu hii nimeipigia deki kwa makubwa zaidi."

Akainama, sauti ikapungua. "Na kile kingine kisiporudi?"

"Kikirudi, karibu. Kisiporudi, mimi tangu Machi sipati usingizi kwa kuwa hakuna wa kuniwekea miguu ya baridi. Nataka ile miguu, Mnawar. Nataka unikoromee sikioni. Hayo daktari hakuyatoa."

Akageuka kuutazama mfuko wake mlangoni. Nikasema moyoni, ameondoka huyu. Kisha akachuchumaa, akafungua kamba za viatu, akanipa mkono. Tukaruka. Mkia hakuugusa.

"Mkavu?" nikamuuliza.

Akafikiri kwanza. "Nusu. Wewe?"

"Mimi nimecheka, usiniulize."

Nikapiga kigelegele mpaka Munjiya akaja kugonga mlango. "Kuna nini humo? Ngiri imepona?"

"Haikuwa ngiri!" Mnawar akajibu kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia. "Ilikuwa saratani ya tezi dume, na imetoka! Ingia uchukue mkanda wako, na mumeo mwambie akapimwe!"

Munjiya alichukua mkanda, akakaa, akala kuskusi ya chewa pamoja nasi, akauliza maswali ambayo siwezi kuyarudia. Alipoondoka, jua likiwa kali na mji umelala, nilijinyoosha kitandani. Mlango ukafunguka. Mnawar alikuwa na mto wake kwapani na kitambaa cha mpira cha kutandika chini yake.

"Nitandike upande gani?" akauliza.

"Tandika kote, mzee. Tupo wawili."

Akatandika, akalala, akanibandika miguu yote miwili kwenye mashavu ya miguu yangu. Juni hii, na bado ilikuwa baridi. Nikalala kabla hajaanza kukoroma.