Handaki la Struan Geddes

Struan Geddes alikuwa mpiga gofu mbovu, tena mbovu wa kutupwa. Buchani kwake Inverdour mkono wake haukutetereka hata siku moja, lakini ukishika fimbo ya gofu ungedhani anafukuza nyuki. Hata hivyo, Jumamosi ikifika yuko uwanjani, mvua inyeshe, upepo uvume.

Alichokipenda ni shimo la kwanza. Njia yake ilikuwa pana, tambarare, haina kizuizi chochote. Hapo aliweza kutembea bega kwa bega na shemeji yake Fergus Pirie, bingwa wa klabu na bingwa wa majigambo, kabla aibu za siku hazijaanza. Sasa klabu ikamleta Catriona Learmonth, binti mmoja mbunifu wa viwanja, naye akasema palepale katikati pachimbwe upya handaki la mchanga la kunasa mipira, lililofukiwa zamani za vita.

Weee! Struan alivimba kama chatu. Kwenye mkutano wa wanachama alisimama kabla hajaitwa.

"Jamani, gofu ni starehe! Mtu amekata nyama wiki nzima, kiuno hoi, halafu Jumamosi aje kufukua mchanga kama fuko? Na wazee je? Na akina mama?"

"Akina mama gani?" aliuliza Ishbel mkewe kutoka nyuma. Huyo alikuwa akimshinda mumewe kwa gofu tangu siku za uchumba. "Usinitumie mimi, Struan. Sema goti lako linauma."

Watu walicheka, lakini walimpigia Struan makofi. Mmoja akalia na mgongo, mwingine akasema mchezo utachelewa na chakula kitapoa. Visingizio vitupu! Hakuna aliyethubutu kusema kwamba anaogopa kuonekana hajui.

Catriona hakubishana. Alichukua chokaa, akachora duara pale handaki litakapokaa. "Chezeni mwezi mmoja," alisema. "Mpira ukiingia humu, niambieni."

Mwezi ulipokwisha wakakutana tena.

"Bwana Geddes, wako umeingia?"

"Hata mara moja!" Struan alijibu kwa kiburi.

Fergus aliangua kicheko mpaka bia ikamtokea puani. "Utaingiaje, shemeji? Mpira wako lini ulifika kule? Ungeupeleka kwa basi!"

"Ni kweli," alisema Catriona, tena kwa upole, na huo upole ndio uliomuua Struan. "Handaki nimeliweka inapoangukia mipira ya wenye nguvu. Bwana Pirie ameingia karibu kila Jumamosi. Wewe utapiga, utalizunguka kwa raha zako. Halikuhusu."

Halikuhusu! Majira yote ya baridi mtu anapigana na handaki, kumbe handaki lenyewe halina habari naye. Struan aliona uso unamwaka moto. Alitamani kurudi buchani ajifungie na nyama zake.

"Lichimbwe!" alifoka. "Tena lichimbwe refu!" Akanyanyua mkono wa kukubali kabla ya mtu yeyote, na wenzake wakamfuata wakidhani anamkomoa Fergus. Kwa kiasi fulani alikuwa anamkomoa kweli.

Masika yalipofika, handaki likiwa limekwisha chimbwa, zamu ya unahodha ikamwangukia yeye. Nahodha mpya hufungua msimu kwa pigo moja mbele ya klabu nzima. Wanachama hutangulia uwanjani, kila mmoja akasimama pale anapodhani mpira utatua, na anayeuokota hupewa chupa ya wiski. Ni mila ya dharau kuliko zote, maana kila mtu anakwambia usoni anavyokuona.

Basi wakajipanga pembeni mwa njia, karibu naye kiasi kwamba alisikia harufu ya pai zao za nyama. Fergus ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, amekalia kiti cha kukunja.

"Polepole, shemeji! Usije ukanivunja kidole cha mguu!"

Struan alimtafuta Ishbel katika kundi lile asimwone. Hata mke wangu amenikimbia, alijisemea, na hilo lilimchoma kuliko kicheko cha Fergus. Alishusha pumzi, akapiga bila kufikiri lolote.

Mpira uliwapita wote vichwani. Fergus aligeuka upesi, akaanguka na kiti chake. Mpira ukaenda, ukaenda, ukadunda mara moja na kutumbukia handakini. Mle ndani kikachomoza kichwa chenye kofia ya sufu.

"Nani huyo anatupa mipira ovyo?"

Struan alikimbia, goti limesahaulika. Alimkuta Ishbel chini mchangani na chupa yake ya chai.

"Ulijua nitafika?"

"Nijue wapi! Upepo unaning'oa masikio, humu mna nafuu." Akainama kuokota mpira.

"Usiuguse!" Struan aliteremka na fimbo. Alipiga, mchanga ukaruka, mpira ukabaki. Akapiga tena, akala mchanga.

"Nahodha, mila ni pigo moja!" Fergus alipaza sauti kutoka juu. "Toka humo, tunataka wiski!"

"Tangulieni," alisema Struan, akitema mchanga na kucheka kama mwendawazimu. "Hili linanihusu."

Ishbel alipanda ukingoni, akaketi, akajimiminia chai. "Piga, mume wangu. Sina haraka."