Nzi wa Mjomba Omagor

Mniache niseme, maana hasira hii nimeikalia tangu mwaka wa sitini na tano. Wenzangu walichelewa kuolewa kwa sababu ya mahari au masengenyo. Mimi, Akiror, nilicheleweshwa na shingo ya jogoo.

Mjomba Omagor, ndugu ya mama yangu, alikuwa akimfanyia kazi mzungu mmoja huko juu Mlima Elgon. Kazi yenyewe ilikuwa kumbebea vyombo akienda kuvua samaki anayeitwa trauti kwenye vijito vya baridi. Mzungu akarudi kwao, mjomba akarudi kwetu Malaba na ufito mwembamba, ndoano na maringo. Kila mtu alimwambia mto wetu ni wa tope na joto, trauti hayuko. Yeye akajibu kwamba yuko, ila hajaalikwa vizuri.

Kumwalika kulitaka nzi. Si nzi wa kweli, jamani! Ni manyoya ya shingo ya jogoo, unayafunga kwa uzi kwenye ndoano, ukirusha yanaelea, samaki anadhani ni mdudu. Mzungu aliyaita nzi, basi mjomba naye akayaita nzi. Na jogoo wa karibu alikuwa wetu.

Sasa sikieni balaa. Mchumba wangu Egwang, taniboi wa lori, alikuwa anamleta baba yake, Mzee Akol, kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuja kuniposa. Kwetu mgeni wa posa huonyeshwa jogoo akiwa hai, amshike, amkubali, ndipo achinjwe. Asubuhi hiyo mama akaenda bandani. Nikasikia, "Uwii!" Jogoo alikuwa na shingo tupu, nyekundu, kama kidole kilichoungua.

"Omagor, umeniua!" mama akalia. "Wakwe nitawaonyesha nini? Watasema kuku wetu ni wagonjwa, na binti pia!"

"Dada, tulia. Leo watakula trauti."

Akatoka mbio. Alivyofanya sijui, lakini alirudi na samaki. Alikuwa kambare, tena mkubwa, na ndevu zake zinaning'inia.

"Trauti wa huku hufuga ndevu," mjomba akasema bila aibu. Mama akampika kwa mchuzi wa nyanya, angefanya nini?

Wageni wakala. Mzee Akol akalamba vidole, akanitazama akatabasamu, na mimi moyoni nikajiona tayari niko kanisani. Ndipo akauliza, "Samaki mtamu kweli. Mlimvua na nini?"

"Na nzi, mzee!" mjomba akajibu, kifua mbele. "Nawatengeneza mwenyewe, humu humu ndani ya nyumba."

Mzee Akol akaacha kutafuna. Alitazama sahani, akatazama dari. Nilimkanyaga mjomba mguu, wapi! Na jogoo naye, mjinga yule, akachagua dakika hiyo kuingia na shingo yake.

"Si huyu hapa!" mjomba akapiga kelele kwa furaha. "Nzi wote wametoka kwake!"

Mzee Akol akasimama, akatema mkononi. "Mtatuita huyo jogoo akiota manyoya," akasema. "Mimi siposi binti kwa kuku aliye uchi." Egwang akamfuata, kichwa chini. Nililia mpaka macho yakavimba.

Tangu siku hiyo nikawa yaya wa jogoo. Nilimpaka mafuta, nikamlisha mtama, nikamwimbia hata nyimbo za kanisa. Manyoya yakianza kuchomoza, nafurahi. Baada ya siku chache, hayapo! Nikamvamia mjomba na mwiko.

"Haki ya Mungu, siyang'oi mimi!" akaapa.

Nikamwita mwongo mbele ya majirani. Kisha alasiri moja nikakuta banda liko wazi na jogoo hayuko. Nikafuata kelele zake mpaka mtoni. Mjomba alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi, amemshika jogoo mabawa. Na aliyekuwa akimng'oa manyoya, suruali imekunjwa hadi magotini, ufito uko kwapani, alikuwa Mzee Akol!

"Mimi namshika tu," mjomba akasema haraka. "Nilikuambia siyang'oi mimi."

Mzee alijaribu kuficha mkono nyuma, unyoya ukambakia kwenye kidole. "Binti," akasema, "nilikuja siku moja kuuliza tu hao nzi ni nzi gani. Sasa, unajua, leo samaki wanakula sana..."

"Mzee!" Nilipaza sauti na sikujali. "Huyu ataota manyoya lini, kama wewe ndiye unayeyang'oa? Mimi nampenda mwanao. Nimemwimbia kuku kwa ajili ya mwanao!"

Mzee Akol aliweka ufito chini, akapangusa mikono kwenye suruali. Akamchukua jogoo kwa mikono miwili, akamwinua sawasawa, kama inavyotakiwa, ingawa tulikuwa kwenye matope.

"Nimemwona," akasema. "Nimemshika. Nimemkubali. Kamchinjeni."

"Jogoo mzima?" mjomba akashtuka. "Hata shingo? Mzee, na nzi je?"

"Omagor, nyamaza," mzee akamwambia.

Egwang aliitwa kutoka chini ya lori, akaja na grisi mpaka kwenye viwiko. Jogoo alikuwa amezeeka kwa kungoja, nyama haikatiki kwa meno wala kisu. Wengine walimwacha pembeni kwa heshima. Mimi nilimtafuna mpaka mifupa, na shingo nikaanza nayo.